Kuzima huduma za seva hakuongezi mbio: dhana potofu na ukweli

Kila nikiitwa kwenye ofisi yenye seva ya faili inayosuasua, iwe Westlands au Industrial Area, ombi ni lile lile: "Fundi, zima hizi huduma zote zinazojiendesha chinichini, itashika kasi." Nalisikia kwa mameneja, kwa wahasibu, na linaloniuma zaidi, kwa vijana wa IT ambao wangepaswa kujua. Kwa hiyo leo naliandika, nitakayemkuta nalo tena nimpe asome.

Dhana: Ukizima huduma zisizohitajika, seva itaenda mbio

Huduma (programu inayojiendesha chinichini) isiyo na kazi imelala. Haisumbui prosesa, na RAM inayoshika mara nyingi ni megabaiti chache tu. Kwenye seva yenye gigabaiti 16, zima huduma 10 za aina hiyo, na mhasibu anayefungua faili ya Excel ya pamoja hatahisi tofauti yoyote. Fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya prosesa na RAM, ujionee kabla hujagusa kitu. Kama prosesa imetulia na RAM bado ipo tele, huduma hazina kosa.

Ugonjwa huwa kwenye diski, swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) au kebo. Nichukue kebo, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Ina nyaya 8, yaani jozi 4. Kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde inazitaka zote 8. Kasi ya megabiti 100 inatosheka na 4. Mguu wa meza ukikandamiza kebo, au plagi ikifungwa ovyo na waya mmoja ukakosa kushika, muunganisho unaweza kushuka hadi megabiti 100 bila mtu kuambiwa lolote. Hapo hata mambo yakienda vizuri kabisa hupati zaidi ya megabaiti 12.5 kwa sekunde. Faili ya gigabaiti 1 itakula sekunde 80 au zaidi, wakati kwenye gigabiti ingemalizika kwa sekunde kama 10. Na kama kebo mbovu ni ya seva yenyewe, hizo 12.5 zinagawanywa kwa ofisi nzima.

Kwenye ofisi moja ya mawakili kule Upper Hill, taa ya seva kwenye swichi ilikuwa ya rangi ya chungwa huku za kompyuta nyingine zikiwaka kijani. Kwa swichi ile, chungwa maana yake ni megabiti 100. Plagi ikakatwa, ikafungwa upya, taa ikawa kijani, na kelele za "faili haifunguki" zikaisha mchana ule ule. Lakini kabla sijaitwa, mtu alikuwa ameshaipitisha seva hiyo kwenye skripti (faili ya amri zinazojiendesha) ya "kuongeza kasi" aliyoipata YouTube, na kazi ya kurekebisha kilichozimwa ilinichukua muda mrefu kuliko plagi.

Nasema kwa uchungu: skripti hizo msiziguse. Zimeandikiwa kompyuta ya nyumbani ya kuchezea gemu. Zinazima Volume Shadow Copy, huduma ya nakala za awali za faili, na siku karani akifuta folda ya kesi unagundua matoleo ya awali hayapo na bakapu imekuwa ikifeli. Zinazima Windows Time, huduma inayosawazisha saa. Stima inapotea, betri ndogo ya ubao mama imekwisha, seva inaamka na saa ya uongo na hakuna wa kuirekebisha. Kerberos, mfumo unaothibitisha watu wanapoingia kwenye mtandao, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu, ikizidi hapo watu wanaanza kukataliwa kuingia. Nyingine zinazima hata masasisho ya usalama. Umebaki na seva ileile ya polepole, tena sasa haina kinga.

Huduma zinazimwa kwa ajili ya usalama. Kila inayosikiliza kwenye mtandao ni mlango, na kila mlango unahitaji kuwekewa viraka, yaani masasisho ya kuziba udhaifu. Tazama Print Spooler, huduma inayopanga kazi za kuprinti. Kwenye Windows Server huja ikiwa imewashwa, na inaendeshwa kwa mamlaka ya SYSTEM, ya juu kuliko ya msimamizi wa kawaida. Mwaka 2021 ulipofichuka udhaifu ulioitwa PrintNightmare, mtu mwenye akaunti ya kawaida tu kwenye mtandao aliweza kuendesha programu yake ndani ya seva kwa mamlaka hayo. Microsoft walilazimika kutoa kiraka cha dharura mwezi Julai, nje ya ratiba yao ya kila mwezi. Kama seva yako inahifadhi faili na haisimamii printa, Spooler inafanya nini pale? Izime leo.

Dhana: Seva yetu iko ndani ya ofisi, haionekani kwenye intaneti, basi iko salama

WannaCry, programu hasidi ya kufunga faili na kudai fidia, ya tarehe 12 Mei 2017 iliruka kutoka mashine hadi mashine ndani ya mitandao ya ofisi, kupitia toleo la 1 la SMB, njia ya Windows ya kugawana faili, kwenye poti 445. Kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi. Laptopu moja iliyoambukizwa ilitosha. Bado nakuta toleo hilo limewashwa hapa Nairobi, na sababu karibu kila mara ni mashine kuukuu ya fotokopi inayotuma skani kwenye folda ya seva. Iwekeni itume kwa baruapepe, mzime SMB 1. Data za wateja zikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, na fotokopi haitakuwa utetezi.

Dhana: Seva ya Linux haina haja ya haya

Mwezi huohuo wa Mei 2017, Samba, programu ya Linux ya kugawa faili kwa SMB, nayo ilitangaziwa udhaifu mkubwa uliokuwepo tangu toleo la 3.5.0. Andika amri ya ss -tulpn uone kinachosikiliza. Ukikuta cups (ya kuprinti) na avahi (ya kutafuta vifaa kwenye mtandao) kwenye seva isiyoprinti, unajua la kufanya.

Dhana: Nimeisimamisha, basi imezimwa

Hapana. Kwenye Windows, iliyosimamishwa hurudi seva ikiwashwa upya, na iliyowekwa Manual (kuwashwa inapohitajika) inaweza kuamshwa na programu nyingine. Weka Disabled. Kwenye Linux, amri ya stop huisimamisha sasa hivi, disable huizuia kujiwasha seva ikiwashwa tena, na mask ndiyo inayozuia hata huduma nyingine isiiamshe.

Na mzime moja moja, jamani. Mimi nasisitiza daftari la karatasi, kwa sababu maandishi yaliyo ndani ya seva hayatasomeka siku seva imegoma. Andika jina la huduma, ilivyokuwa awali, tarehe na aliyeizima. Kisha ngoja mwisho wa mwezi upite ndipo uguse nyingine, maana mishahara na ripoti nyingi huendeshwa siku hizo, na ndipo huduma uliyodhani haina mwenyewe hupata wa kuiulizia. Kwenye Windows, kabla ya kuzima fungua kichupo cha Dependencies kwenye dirisha la huduma hiyo usome orodha ya chini, ya huduma zinazoitegemea hiyo unayotaka kuizima. Ukiiona huduma iitwayo Server humo, acha, maana hiyo ndiyo inayogawa faili zenyewe.