Je, wajua kwa nini meza ya mninga kwenye karatasi huonekana kama ya plastiki?

Mwanafunzi wa usanifu wa samani anaweza kuchora meza kwa vipimo sahihi hadi milimita, akaitia rangi ya kahawia ya mninga, na bado anayeitazama akadhani ni plastiki. Sababu ni kwamba rangi peke yake haitoshi: jicho huzitambua mbao kwa mwendo wa mistari yake na kwa jinsi mwanga unavyotua juu yake.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, somo hili lianzie Keko, kwa mafundi seremala wa Dar es Salaam, kabla penseli haijagusa karatasi. Mwanafunzi aokote kipande cha mninga na kukigeuzageuza. Upande mpana huenda akaona matao yaliyochongoka, kwa sababu shina la mti hupungua unene kadiri linavyopanda, na pete zake za ukuaji hukaa kama vikombe vilivyofunikwa kimoja juu ya kingine. Msumeno ukipita pembeni mwa kiini, huzikata pete hizo zikatoa umbo la tao. Ubao uliopasuliwa kupitia kiini huonyesha mistari iliyonyooka. Kwenye kichwa cha ubao, yaani ncha iliyokatwa kukingama nyuzi, mistari mirefu haipo kabisa: kuna vipande vya pete na vitundu vidogo, ambavyo ni mirija iliyokuwa ikipandisha maji, na vanishi ikipakwa hapo hunywewa sana, pakawa peusi kuliko kwingine. Mwanafunzi asiyeliona hilo huiteremsha mistari ya juu ya meza hadi ubavuni, kana kwamba anachora kitambaa cha meza.

Mwanga nao una kanuni yake. Mbao zenye vanishi huurudisha kama kioo, kwa hiyo sehemu ing'aayo huachwa nyeupe na kingo zake huwa kali. Mbao zilizopigwa msasa tu huutawanya, na kivuli hufifia polepole. Penseli moja laini, ya 2B, yatosha kwa zote mbili.

Ninalolisisitiza zaidi ni mguu wa kiti. Mistari yake ichorwe kufuata urefu, kwa kuwa nguvu ya mbao iko kwenye nyuzi zake. Mwanafunzi akiichora kukingama, fundi akakata ubao kama mchoro unavyoonyesha, mguu huo utakatika mtu akiketi.