Mlima mtakatifu ni mlima gani?

Mlima mtakatifu ni ule ambao watu wanauhusisha na Mungu, miungu au wahenga wao, na kwa sababu hiyo wameuwekea adabu na miiko.

Urefu si hoja. Sisi wa Mombasa, tuliozoea nchi tambarare, twaweza kudhani ni lazima uwe na theluji kileleni. Lakini Jabal Rahma, pale Arafa, ni kilima cha mita 70 hivi. Wala hujaji halazimiki kukipanda: uwanja wote wa Arafa ni mahali pa kusimama. Kisimamo hicho cha mwezi 9 Mfunguo Tatu ndicho nguzo ya Hija, na huku mitaani wengi siku hiyo huwa wamefunga.

Adabu zenyewe hazifanani. Agikuyu wa jadi waliomba wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, makao ya Ngai. Kailash, huko Tibet, una mita zaidi ya 6,600 na haupandwi. Mahujaji huuzunguka, mwendo wa kilomita 52 hivi. Wahindu na Wabudha huuweka mkono wa kulia, wafuasi wa dini ya Bon huzunguka kinyume chao. Fuji wa Japani, kwa upande wake, kuupanda ndiyo ibada, ingawa wanawake walizuiwa kufika kileleni hadi 1872. Utakatifu nao hufungia watu nje, tusijidanganye.

Wageni pia huweza kuheshimu miiko. Mwaka 1955 Waingereza George Band na Joe Brown walikuwa wa kwanza kufika juu ya Kangchenjunga, mpakani mwa Nepal na India. Wakasimama hatua chache chini ya ncha, kwa kuwa mtawala wa Sikkim, wakati huo ufalme mdogo upande wa India, alikuwa ameahidiwa kwamba kilele hakitakanyagwa.

Hapa jirani tuna kaya za Mijikenda, nyingi zikiwa juu ya vilima, kama za Rabai. Zilikuwa vijiji vyenye maboma msituni; watu wakahama, yakabaki makaburi ya wahenga na fingo, yaani kago la kuilinda kaya, iliyozikwa, chini ya ulinzi wa wazee wa kaya. Kukata mti ni mwiko. UNESCO iliziingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na wataalamu wa mimea huzifuata kwa mimea adimu, maana misitu mingi iliyozizunguka imekwisha kuwa mashamba.