Kifyatulio Kisichorudi: Uchunguzi wa Bunduki Iliyolipuka Sefti Ilipoondolewa

Mwanzoni mwa Agosti, mwezi mmoja hivi tangu msimu wa uwindaji wa kitalii ufunguliwe, mwindaji bingwa mmoja aliniletea karakanani Arusha bunduki yake ya kipenyo cha .375 iliyojengwa juu ya mtambo wa Mauser 98, ule wa bunduki ya zamani ya jeshi la Ujerumani. Kifyatulio chake cha asili kilikuwa kimetolewa miaka kadhaa nyuma, na mahali pake pakawekwa kingine cha kununua dukani, chepesi na kifupi cha mwendo. Alinieleza kwamba alikuwa amepiga goti akimlenga nyati, akaondoa sefti, yaani kizuizi cha usalama, kwa kidole gumba, na risasi ikatoka kabla kidole cha shahada hakijafika kwenye kifyatulio. Risasi iliingia ardhini hatua chache mbele yake, mahali ambapo dakika moja tu kabla alikuwa amesimama mfuata nyayo wake. Hakuna aliyeumia. Nilipomwuliza kama ilishawahi kutokea, alijibu kwamba ilitokea mara moja mwaka uliotangulia, na kwamba rafiki yake mwenye ujuzi kidogo alikaza skrubu ya uzito ili kifyatulio kiwe kigumu zaidi, wakaamini kwamba wamemaliza tatizo.

Nalieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu kosa lililofanyika pale ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko jingine lolote: watu hukimbilia kukaza skrubu kabla ya kujua kilichoharibika.

Mtambo wa Mauser hufanya kazi hivi. Unapoinua mkono wa bolti, komeo la chuma linalofunga chemba ya risasi, pini ya kupigia hurudishwa nyuma, na bolti inapofungwa, kipande cha nyuma cha pini hiyo hukutana na jino la chuma linalojitokeza chini yake, likaishikilia pini isiende mbele ingawa springi nzito inaisukuma. Katika kifyatulio cha asili, kilichobuniwa kwa ajili ya askari mwaka 1898, jino hilo huingia kwa kina kikubwa, na ndiyo maana mvutaji hupitia mwendo mrefu na mwepesi, kisha kituo kigumu, kisha mlipuko. Mwindaji huona mwendo huo ni mrefu mno. Vifyatulio vya kununua huuondoa kwa kutumia jino linaloegemea ukingo mdogo wa kifyatulio chenyewe, na mahali vinaposhikana si zaidi ya sehemu ndogo ya milimita. Havina ubaya wowote vikifungwa vizuri, ila havivumilii uzembe ambao kifyatulio cha askari kiliuvumilia kwa zaidi ya karne moja.

Sefti ya Mauser nayo ina tabia yake. Iko nyuma ya bolti, na inapowekwa huivuta pini nyuma kidogo, ikaitenga na jino kabisa. Kwa hiyo mtu akivuta kifyatulio wakati sefti imewekwa, jino linaweza kushuka bila kuzuiwa na kitu, kwa kuwa halijabeba mzigo. Usalama wote unategemea jambo moja: kidole kikiondoka, kifyatulio na jino lazima virudi mahali pake kabla sefti haijaondolewa. Visiporudi, anayeondoa sefti huwa ameiachia pini iende mbele bila kujua.

Nilianza kwa kuhakikisha bunduki haina kitu. Nilitazama chemba kwa taa, nikaingiza kidole kidogo ndani yake, nikafungua magazini, kisha risasi zote zilizokuja na mteja nikazipeleka chumba kingine na kufunga mlango. Hili silipitii haraka hata siku moja, na msomaji asiye fundi aliye na kumbukumbu ya tukio kama hili asijaribu chochote kingine zaidi ya hapa. Bunduki ipakuliwe, iwekwe kando, ipelekwe kwa fundi mwenye leseni pamoja na hati zake za umiliki.

Jaribio la kwanza lilikuwa la sefti. Unaikoki bunduki, unaweka sefti, unavuta kifyatulio kwa nguvu, unakiachia, kisha unaondoa sefti huku umetega sikio. Nilifanya hivyo mara 30, na mara 4 pini ilianguka. Mizani ilionyesha kwamba uzito wa kufyatua, yaani nguvu inayotakiwa kukivuta kifyatulio, ulikuwa kilo 2.3, mzito kupita anavyotaka mwindaji yeyote, na bado tatizo lilikuwepo.

Hapo nikaitoa mitambo yote kwenye ubao wake, yaani mbao inayoibeba bunduki, nikaibana kwenye jiliwa kwa mataya yenye ngozi, nikarudia mara 30. Haikuanguka hata mara moja. Nikaigonga kwa nyundo ya mpira kutoka pande zote, sefti ikiwa imewekwa na ikiwa imeondolewa, nikaifunga bolti kwa nguvu mara nyingi ili nione kama pini itaifuata bolti mbele bila kushikwa. Ilisimama imara. Nikairudisha kwenye ubao, nikakaza skrubu ya mbele kati ya zile mbili zinazoushika ubao: salama. Nikakaza ya nyuma, na katika jaribio la sita pini ikaanguka tena.

Fundi akifika hapa ameshapata nusu ya jibu, maana chuma kinachofanya kazi nje ya ubao na kushindwa ndani yake kinaguswa na kitu. Niliwasha mshumaa, nikapaka masizi yake pembeni mwa kifyatulio na ndani ya tundu linalopitisha ulimi wake, ule unaovutwa kwa kidole, kwenye kikingio, chuma kinachouzunguka, nikafunga kila kitu, nikavuta mara chache, nikafungua. Upande wa kushoto wa ulimi masizi yalikuwa yamefutika pahala padogo kama punje ya mchele, na chuma kikang'aa. Ukutani mwa ubao, ndani, palikuwa na alama nyingine ambapo sanduku la kifyatulio, kasha linaloshika sehemu zake za ndani, lilikuwa limesukumwa na mbao. Skrubu ndogo inayolikaza sanduku hilo chini ya bodi la bunduki, chuma ambamo bolti hupita, ilikuwa imelegea, nayo mbao, iliyochimbwa kwa vipimo vya kifyatulio chembamba cha asili, ililisukuma upande kila skrubu ya nyuma ilipokazwa. Ulimi ukawa unasuguana na ukingo wa kikingio, ukivutwa unaweza kubaki nyuma. Bila shaka kijiti cha kichakani kiliuvuta wakati mwindaji akitembea na sefti yake imewekwa, nao haukurudi.

Sasa nirudi kwenye ile skrubu ya uzito. Katika vifyatulio vingi vya aina hii, springi inayoleta uzito ndiyo hiyo hiyo inayourudisha ulimi mbele. Ukiikaza, unaongeza nguvu ya kushinda msuguano, hivyo ulimi hurudi mara nyingi zaidi, lakini si mara zote. Ili nimwonyeshe mteja, niliilegeza hadi uzito ukawa kilo 1.6 na kurudia jaribio mbele yake bila kurekebisha kitu kingine: pini ilianguka mara 17 kati ya 30. Rafiki yake hakuwa ameiponya bunduki, bali alikuwa ameligeuza tatizo la wazi, ambalo lingegunduliwa siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha, kuwa tatizo la nadra linalosubiri porini. Niliona uso wa mteja ukibadilika alipolielewa hilo, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilifikiria yule mfuata nyayo.

Si kwamba sehemu zenyewe hazina lawama kamwe. Mwaka 2014 kampuni ya Remington iliwataka wateja warudishe bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014, kwa kuwa gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha sehemu ingeweza kuifanya bunduki ilipuke bila kukusudiwa. Nami hukuta gundi ya skrubu imechuruzika ndani ya sanduku, mara nyingi imewekwa na mmiliki mwenyewe. Wakati wa kiangazi huku kwetu hukuta pia mafuta mazito yaliyochanganyika na vumbi la barabarani yakawa kama ugoro uliolowa. Dawa yake ni kuosha kwa kiyeyusho kinachokauka haraka, kukausha kwa hewa, na kuacha sehemu za ndani karibu kavu kabisa. Kifyatulio hakipendi mafuta mengi.

Kazi yenyewe ilichukua alasiri moja. Nilichimba mbao kwa patasi nyembamba hadi karatasi iliyokunjwa mara mbili ipite kuzunguka sanduku lote, nikaziba mbao mbichi kwa vanishi ili unyevu wa masika usiivimbishe tena, nikaliweka sanduku sawa na kuikaza skrubu yake kwa tone moja la gundi lililowekwa kwenye nyuzi tu, nikapanua tundu la kikingio kwa tupa kiasi cha nusu milimita upande wa kushoto. Nilihakikisha pia kwamba sefti inapowekwa bado inaivuta pini na kuitenga na jino, kwa sababu kulisogeza sanduku kunaweza kuharibu mpangilio huo. Uzito niliuacha kilo 1.7.

Baada ya hapo nilifanya jaribio la sefti mara 100, skrubu zote zikiwa zimekazwa, na pini haikuanguka. Siku iliyofuata tulikwenda uwanja wa shabaha, tukapiga risasi 20, kisha tukarudia majaribio yote bunduki ikiwa ya moto. Nilimwomba arudi nayo mwishoni mwa msimu, ili niitoe tena kwenye ubao na kuangalia kama masizi yatafutika mahali popote.