Je, wajua kwa nini kitunguu kiliwahi kuwa zawadi ya bahati nasibu London?

Mwaka 1941 wafanyakazi wa gazeti la The Times mjini London walinunua tiketi kuwania zawadi ya kitunguu. Si gunia la vitunguu, bali kitunguu kimoja cha ratili moja na nusu, kama gramu 680 hivi. Zilipatikana zaidi ya pauni 4, na enzi hizo, hizo hazikuwa hela za mchezo.

Iliwezekanaje? Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza hawakujisumbua sana kulima vitunguu. Vingi vilitoka nje, vikiwemo vya Bretagne huko Ufaransa na vya kisiwa cha Jersey. Wabretoni walivuka bahari navyo wenyewe, wakavisuka mashada, wakayatundika kwenye baiskeli na kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Wenyeji waliwabandika wote jina moja tu: Johnny.

Juni 1940 Ufaransa ikaanguka mikononi mwa Wajerumani. Mwanzoni mwa Julai Jersey nayo ikatekwa. Ubaya ni kwamba kule Uingereza mbegu za vitunguu hupandwa Februari au Machi, na vitunguu vikavunwa mwishoni mwa kiangazi. Njia ilipokatika, msimu wa kupanda ulishapita, na hakuna amri ya serikali inayoweza kuurudisha. Majira ya baridi yalipofika, majiko hayakuwa na kitunguu cha kukaanga. Wewe jaribu kupika pilau bila kitunguu uone.

Kulima nyumbani kulikuwa kumeshahimizwa tangu Oktoba 1939, kwa kampeni iliyoitwa Chimba kwa Ushindi. Chakula kingi cha nchi kililetwa na meli, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha. Vishamba vya kukodi mijini viliongezeka kutoka 815,000 hivi hadi karibu milioni 1.4. Hata mtaro mkavu unaozunguka ngome ya Tower of London ulilimwa mboga. Siagi na sukari viliingia kwenye mgao Januari 1940, lakini mboga hazikuwekewa mgao, kwa hiyo mwenye kajibustani alikula alichovuna.

Mimi kinachonivutia zaidi ni yale mahandaki ya kujikinga na mabomu, yaliyokuwa nyuma ya nyumba. Yalikuwa mabati yaliyopindwa, nusu yamefukiwa ardhini, juu yamerundikiwa udongo ili kupunguza makali ya mabomu. Udongo ule nao haukuachwa bure. Watu waliotesha saladi na maboga humo, hivyo usiku ving'ora vikilia familia ilijibanza chini, na mboga za kesho zikiwa juu ya vichwa vyao.

Vitunguu navyo vikaanza kulimwa kwenye vishamba hivyo. Vita vilipokwisha akina Johnny walirudi na baiskeli zao, ila hawakufikia tena wingi wao wa zamani.