Nyavu hunasa wapi?

Nikialikwa kwenye kikao cha mradi wowote wa pwani, swali langu huwa lile lile: nani amewauliza wavuvi nyavu zao hunasa wapi? Wavu ukinasa, huenda chini pana meli iliyozama.

Mimi ni mwanaakiolojia wa bahari hapa Mombasa. Watu wengi hudhani meli zilizozama zamani hazina mwenyewe wala sheria. Sheria ipo, tena nzuri. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inaihesabu meli iliyozama zaidi ya miaka 50 iliyopita kuwa kumbukumbu ya kihistoria. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu turathi zilizo chini ya maji unataka itimize miaka 100; sisi tumeridhika na nusu yake. Atakayegundua kitu cha namna hiyo anatakiwa kuwaarifu Makumbusho ndani ya siku saba.

Lakini sheria hulinda kilichokwisha kujulikana. Chukua Santo António de Tanná, meli ya kivita iliyoundwa Bassein, India. Ilikuja mwaka 1697 kuwasaidia Wareno waliozingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus, hapa Mombasa, ikazama pale chini ya ngome. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichimba, vyombo vya kaure na mitungi vikapandishwa juu, kisha mbao zake zikapimwa na kufunikwa tena kwa mchanga.

Huulizwa sana kwa nini zilirudishwa. Mwenye jahazi hana haja ya kuuliza. Chombo kisipopakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta, mdudu wa baharini huila mbao mpaka ikawa na matundu kama sega la nyuki. Ndani ya tope hakuna hewa, na mdudu huyo haishi humo. Ukiutoa ubao uliolowa miaka mia tatu ukauanika tu juani, unapasuka na kujikunja. Mchanga ule ndio paa la meli.

Sasa lete mtambo wa kuongeza kina cha mlango wa bandari. Si lazima uiguse meli. Ukichota mchanga wa jirani, au ukijenga ukuta unaogeuza mkondo wa maji, paa linaweza kuondoka lenyewe taratibu, na hakuna wa kushtakiwa.

Ndiyo maana mimi hupigania karatasi kuliko kitu kingine. Sheria ya mazingira ya 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya kibali. Nimesoma ripoti nyingi za aina hiyo: kurasa kwa kurasa za matumbawe, kasa na mikoko, halafu mstari mmoja, "hakuna turathi inayojulikana katika eneo la mradi." Neno hilo "inayojulikana" huniuma. Haijulikani kwa sababu hakuna aliyepitisha magnetometa, kifaa kinachohisi chuma, kutafuta nanga na mizinga. Sona, kifaa kinachopima chini ya bahari kwa mwangwi wa sauti, peke yake huenda isione meli ya mbao iliyozikwa. Na sheria ya meli ya 2009 nayo huyatazama mabaki kama mali ya mtu, yenye ujira kwa mwokoaji. Kwa hiyo chombo kimoja kinaweza kuwa turathi katika ofisi moja na mali ya kuokolewa katika ofisi nyingine.

Mwaka juzi mzee mmoja mvuvi alinipeleka mahali ambapo nyavu zake hunasa. Hakuwa na simu ya kuonyesha ramani. Alinyoosha mkono: mnazi mrefu ulingane na paa la msikiti, na upande wa pili mwamba ulingane na mdomo wa mto. Hapo ndipo. Marehemu baba yake alimfundisha hivyo. Kisha akashusha mkono, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mnazi wenyewe umeshakatwa. Pale panajengwa hoteli."

Tulikaa juu ya ngalawa hadi jua la saa nane, yeye akikisia ulikokuwa mnazi, mimi nikiandika nambari za GPS. Zile nambari ndizo nilizopeleka kwenye kikao kilichofuata.