Mguu uliobaki Kagera bado unauma

Kazi yangu ni kutengeneza miguu bandia. Mmoja wa wazee ninaowahudumia alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana, na mapema 1979, ng'ambo ya mto, akakanyaga bomu la kutegwa ardhini. Alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Wenzake walipoiteka Kampala, Aprili 11, yeye alikuwa kitandani. Aliporudi uraiani akajifunza ushonaji, na kwa zaidi ya miaka 40 amekanyaga cherehani kwa mguu mmoja.

Alinijia kwa sababu soketi, ile sehemu ya mguu bandia inayopokea kigutu, ilikuwa ikimchubua. Hilo lilikuwa jepesi: kigutu husinyaa kadiri miaka inavyokwenda, soketi ikapwaya. Nikapima upya. Kilichonigusa ni neno alilolisema huku akivaa soksi ya kigutu.

"Mwanangu, usiku vidole vinaniuma. Vya mguu ule."

Akaonyesha chini, hewani. Alisema vimekunjamana kama vile bado vimebanwa ndani ya buti. Miaka yote hiyo alimwambia mkewe tu, akihofu wengine watasema ana mashetani.

Mzee wangu hana mashetani, wala hajachanganyikiwa. Daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell aliyasikia malalamiko hayohayo kwa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Mishipa ya fahamu iliyokatwa hufanya vinundu kwenye ncha zake na kuendelea kutuma ishara. Ubongo nao bado umeshika ramani ya mguu mzima: unaviamuru vidole vikunjuke, na hakuna kinachoujibu kwamba vimekunjuka.

Ndiyo maana tunatumia kioo, njia aliyoijaribu mtafiti V. S. Ramachandran miaka ya 1990, yeye akianza na waliokatwa mikono. Kioo husimamishwa katikati ya miguu, kigutu kikafichwa nyuma yake. Mgonjwa huchezesha mguu mzima taratibu huku akitazama taswira yake, na macho yanaupa ubongo lile jibu uliolikosa. Wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata. Nilimweleza hivyo mapema, maana mtu aliyevumilia kiasi hicho hastahili kudanganywa.

Kioo hakununua. Alichukua kile ambacho wateja wake hujitazamia wakijaribu nguo, akakilaza ubavu, kila jioni dakika 15 baada ya kufunga duka.

Wiki ya tatu akanipigia simu. "Fundi mwenzangu, kidole gumba kimekunjuka."

Vile vinne bado.