Kulinganisha ramani za jeni za nguruwe na binadamu: maana yake nini?

Ramani ya jeni huonyesha jeni fulani, yaani kipande cha DNA chenye maagizo ya kurithiwa, imekaa kwenye kromosomu (uzi wa DNA ndani ya seli) gani na inapakana na jeni zipi. Kulinganisha ramani mbili ni kuuliza kama jeni zilizo majirani kwa binadamu ni majirani pia kwa nguruwe. Zile asilimia za kufanana kwa DNA ya nguruwe na binadamu zinazosambaa mitandaoni ni habari nyingine kabisa; hupanda na kushuka kutegemea umehesabu nini, na mimi sizitilii maanani.

Binadamu ana kromosomu 46, nguruwe wa kufugwa 38. Tangu tulipoachana na babu wa pamoja, takribani miaka milioni 90 iliyopita, kromosomu zimekatika na kuungana upya kama shanga zilizokatika uzi zikatungwa tena vipande vipande. Ndani ya kila kipande, majirani wengi wapo palepale. Jeni za kromosomu 17 yetu, kwa mfano, ziko kwenye kromosomu 12 ya nguruwe. Za 13 yetu ziko kwenye 11 yake.

Ujirani huo una kazi. Wafugaji wa Ulaya waliwajua nguruwe, hasa aina ya Pietrain ya Ubelgiji, ambao wakisukumwa kupanda gari la kwenda machinjioni hukakamaa misuli, mwili ukawaka joto, wakafa. Wakinusishwa halothani, dawa ya usingizi, huwa vivyo hivyo. Hospitalini nako, wagonjwa wachache walipatwa na balaa lilelile wakipewa nusukaputi. Kwa nguruwe, ilishajulikana kwamba tatizo hilo hurithiwa sambamba na jeni iitwayo GPI, iliyoko kromosomu 6; yaani jeni ya tatizo ni jirani yake. Kwa binadamu GPI iko kromosomu 19. Basi watafiti wakaelekea huko, na mwaka 1990 wakaipata: RYR1, jeni inayosimamia utoaji wa kalsiamu ndani ya misuli. Mwaka uliofuata likaonekana badiliko la herufi moja tu ya DNA kwa nguruwe, na linalolingana nalo likakutwa kwa baadhi ya familia za watu wenye tatizo hilo. Baadhi tu, kwa sababu zipo familia ambazo chanzo chao kiko kwingine.

Rasimu ya DNA yote ya nguruwe, iliyosomwa kutoka kwa jike wa aina ya Duroc, ilichapishwa 2012, na sasa ulinganishaji hufanyika kwenye kompyuta. Wafugaji nao hupima RYR1 kwa sampuli ndogo, hata ya nywele, ili dume mwenye kasoro asipandishwe.